Mkono Usiosikia Moto

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mashimo. Leo tena mashimo. Kila dawati linataka mashimo kumi na mawili, na shule za vijiji vipya huko Sikonge zinaagiza madawati kana kwamba mninga unaota humu humu karakanani Kanyenye. Keekee ya umeme ni moja tu kwa ushirika mzima. Fundi mwenzangu Saidi anaishika asubuhi, mimi mchana mpaka jioni. Ndivyo ilivyo tangu mwaka jana.

Katibu wa ushirika kapita saa nne kutuhimiza. Suruali ina pasi, kalamu mbili mfukoni. Hajapata kupigilia hata msumari, lakini kasi ya kazi anaijua yeye. Mtu mtupu.

Saidi kila akipumzika anapenyeza mikono kwapani. Eti vidole vinakufa ganzi. Anadeka.

Jioni nimechonga kidogo marufaa ya Zuhura, ya kuwekea msahafu anaposoma. Binti yangu anakhitimu Kurani mwezi ujao. Mtoto wa fundi hatauweka msahafu wake juu ya mto.

Alhamisi, 6 Juni

Baridi ya asubuhi. Saidi kanionyesha vidole viwili, vyeupe kama vya maiti. Anataka tubadilishane kila baada ya nusu saa, asiye na keekee apige randa. Nimekataa. Nusu saa ni ya kuchezea. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na sijawahi kulialia.

Mkono wangu nao unachonyota kidogo jioni. Uchovu tu huo.

Jumamosi, 8 Juni

Saidi kaenda hospitali, karudi na karatasi. Kashindwa kazi, sasa kajiletea ushahidi. Niliichukua nikawasomea mafundi wote kwa sauti ya khatibu. Usiibane keekee kwa nguvu, iache ikate yenyewe. Tumia ncha kali, maana butu hutikisa mkono zaidi. Ubao ufungwe kwenye jiliwa, usishikwe. Vaa glavu, mikono isipate baridi. Pumzika mara kwa mara, mpokezane na wenzako. Acha tumbaku.

Hapo kwenye tumbaku karakana nzima ilicheka. Nikaichana ile karatasi mbele yake, nikasokotea sigara. Iliwaka vizuri.

Ncha yetu ni butu, hilo kweli. Lakini mpya inaombwa kwa Katibu, na mimi simwombi kitu yule. Naegemea kwa kifua, inaingia.

Jumanne, 11 Juni

Mkutano. Katibu kamwita Saidi kupe, mnyonyaji wa jasho la wenzake. Kisha kataka wanaokubali atolewe ushirikani wanyooshe mikono. Mafundi walitazamana. Nikanyoosha wangu, wengine wakafuata.

Saidi alinitazama mimi, hakumtazama Katibu. Kachukua randa yake na msumeno wake, katoka. Hakuaga.

Afadhali. Keekee sasa ni yangu kutwa nzima.

Ijumaa, 14 Juni

Baada ya swala jirani alitualika chakula. Watu sita, sinia moja, ugali umeepuliwa sasa hivi. Wenzangu wanagusa, wanapuliza vidole, wanagusa tena. Mimi nikamega katikati, nikafinyanga tonge polepole, nikala. Wakasema fundi ana mkono wa chuma. Nikamega jingine wanione vizuri. Ulimi umeungua, lakini sifa ni tamu. Wanaume wa siku hizi vidole vyao laini kama vya bibi harusi.

Jioni Mama Zuhura kaniona mkono. Malengelenge vidole vitatu. Kauliza, "Baba Zuhura, hukusikia moto?"

Sikusikia.

Jumatatu, 17 Juni

Baridi tena. Vifungo vya shati vimenishinda. Mama Zuhura kanifunga kama mtoto mdogo wa chuoni, na hilo limeniuma. Vidole vile vitatu vilikuwa vyeupe. Ule weupe wa Saidi.

Nimetoboa kutwa hivyo hivyo.

Jioni nikashika marufaa. Lilibaki ua moja. Nilidhani patasi nimeikaza, kumbe imelegea mkononi na sina habari. Imeteleza, imechana ua katikati.

Nimeogopa. Sina namna nyingine ya kuandika. Mkono huu ndio unaotulisha.

Jumatano, 19 Juni

Nimemwendea Katibu. Nimeomba, mimi. Ncha mpya, glavu, na watu watatu wa kupokezana. Kaniangalia juu mpaka chini.

"Na wewe Fundi umeshakuwa kupe?"

Nilitaka kumdharau kama siku zote. Haikuja. Yeye keekee haijui, hajui hata inavyoshikwa. Mimi naijua, na maneno ya karatasi ile niliyasoma kwa kinywa changu, herufi kwa herufi. Halafu nikayavuta moshi. Katika karakana ile kuna mjinga mmoja mkubwa, naye hana kalamu mbili mfukoni.

Nimeichomoa keekee, nimeiweka mezani kwake juu ya mafaili. Atoboe yeye.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda kwa Saidi na marufaa kwapani. Nilisimama nje muda kabla ya kupiga hodi. Kaniamkia shikamoo kama zamani. Marahaba yangu haikutoka vizuri.

Anatengeneza vigoda uani, kwa mkono, kwa keekee ya kamba ya zamani. Vidole vyake vimerudiwa na rangi, ingawa asubuhi bado vinamsumbua, anasema. Nikamwonyesha vyangu. Nikamwambia nimekosa, mkono ule ulionyooka mkutanoni ni huu huu. Kaichukua marufaa, kapitisha kidole gumba kwenye ua lililochanika. Kasema litachongeka upya kwa chini kidogo, na Zuhura atawahi kuipata kabla ya kukhitimu.

Nikamuuliza ile karatasi ilisemaje tena, kwa mpangilio. Kaitaja yote. Alikuwa ameihifadhi kichwani.

Mkewe akaleta sinia. Nimenawa, nikapeleka mkono. Saidi akanishika kifundo cha mkono.

"Ngoja kaka. Ya moto hiyo."

Kamega yeye, kaliweka tonge pembeni upande wangu lipoe. Nikangoja.