Sinkrónika au Mekánika

La Grita, 3 Machi

Mwanangu Yorlenis,

Sisi huku wazima, mama yako anamnenepesha kuku wa supu yako ya uzazi. Wewe na tumbo mnaendeleaje? Mtandao bado umekufa huku mlimani, ndiyo maana namtuma Nubia wa lori la vitunguu.

Giaboksi ya pikapu imesagika meno. Bila pikapu hatuvuki mpaka kufika huko Cúcuta, na nimeapa mjukuu wangu wa kwanza hatazaliwa mimi nikiwa mbali. Nitafutie nyingine huko. Sema wazi: sinkrónika, ile ya gia za mkono.

Baba yako

Cúcuta, 7 Machi

Naomba baraka yako, baba.

Hatujambo, ila miguu imevimba. Nimezunguka maduka yote ya vipuri vikuukuu, na kila muuzaji ananishangaa: sinkrónika ni mdudu gani? Mwisho mmoja akanionyesha giaboksi ya gari kama lako, safi kabisa, akasema ni mekánika. Niichukue? Mkunga anasema siku yoyote sasa.

Binti yako, Yorle

La Grita, 9 Machi

Mungu akubariki, mwanangu.

Usithubutu. Mekánika maana yake mafundi wameshaichokonoa, na kilichochokonolewa na mafundi mimi sikitaki. Kaza moyo, tafuta sinkrónika.

Baba

Cúcuta, 11 Machi

Baraka, baba.

Nilirudi kumkatalia yule muuzaji, nikamsomea maneno yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Mama, mzee wako anataka kukanyaga klachi, hataki?"

Nikamwambia anataka.

"Basi ni hii hii. Kwenu sinkrónika, kwetu mekánika. Mtoto mmoja, majina mawili."

Nubia amelinganisha matundu ya boliti na vipimo alivyochukua kwenye gari lako, yamekubali. Anakuletea. Ifunge upesi, baba. Uchungu umeanza kunichezea, na naogopa. Namtaka mama.

Yorle

La Grita, 13 Machi

Mungu akubariki, binti yangu.

Imeingia! Gia zote tano laini, hata ya kurudi nyuma hainung'uniki. Majirani wamenibatiza Don Mekánika na nimeitikia, kwa furaha niliyo nayo hata wangeniita chochote ningekubali.

Naandika juu ya boneti huku mama yako akinipigia honi. Safari hii Nubia apumzike, barua naileta mwenyewe. Ukifika mstari huu, inua macho.

Babu yake