Kilo Nilizozishona

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwangu, kwa wifi yako na kwa wanao wote wawili. Wao ni wazima. Mdogo ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Sijui wewe kovu lako linaendeleaje, kama bado linakuvuta baridi ikija. Na yale masufuria ya shule, wamekupa mtu wa kukunyanyulia au bado unajifanya una miaka ishirini? Mpishi mwenye figo moja hanyanyui maharage ya wanafunzi mia tatu. Nimeshakwambia, lakini kwa ubishi wewe hujambo.

Barua yako niliipata na nimeisoma mara tatu. Uliniuliza nimefika kilo ngapi, ukaomba na picha uwaonyeshe wenzako wa jikoni kwamba yule mdogo wako Kijiti waliyekuwa wanamwombea sasa ana mashavu. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ukianza tu kucheka, mimi husema lile unalotaka kulisikia, na nimekwisha kulisema mara nyingi mno. Kwenye karatasi angalau sikusikii.

Unakumbuka nilitoka hospitali na figo yako mwilini, nikiwa na kilo arobaini na saba, suruali zinaning'inia kama bado ziko kambani. Yule mtaalamu wa lishe, binti mpole anayemwita kila mgonjwa "mzee wangu" hata akiwa kijana, alitukalisha mimi na wifi yako akatueleza kwamba mwili utarudi polepole, kwa chakula cha kawaida, si kwa unga wa kunenepesha wala mizizi ya kuchemsha. Akatuandikia karatasi. Nile kidogo kidogo mara sita kwa siku. Mayai yaive mpaka kiini kiwe kigumu, maziwa yachemke, nyama isibaki na wekundu, kwa sababu dawa zinazoilinda figo zinaupunguzia mwili kinga. Kijiko cha mafuta kwenye uji, karanga za kusaga, na parachichi kama vipimo vya damu vinaruhusu. Chumvi kidogo. Balungi hapana kabisa, linavuruga dawa. Wifi yako aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa jiko na akaisimamia kama askari. Saa nne kamili alikuwa ananiletea bakuli dukani, anasimama mbele ya cherehani mpaka nimalize.

Nilikula, dada. Sitaki ufikiri nilichezea chakula. Nilikula mpaka nikachukia sauti ya kijiko. Lakini dawa moja ilikuwa inanivuruga tumbo, na nilichokula kilitoka kabla sijakaa sawa. Mwezi wa kwanza nilikuwa kilo arobaini na saba, wa pili arobaini na sita na nusu. Na kila nikitoka kliniki simu yako inaita, swali ni lilelile. Uliposikia zile arobaini na sita na nusu ulisema labda figo yako haijanipenda. Ulikuwa unatania, najua. Mimi neno lile nililibeba mwezi mzima.

Sasa kazi yangu unaijua. Mapazia ya kumbi hayatulii bila uzito, kwa hiyo sisi tunashonea vyuma vidogo ndani ya pindo, vipana kama kifungo cha koti. Ishirini vinakaribia kilo moja. Kliniki wanakuambia uvue viatu na koti, suruali hawakugusi. Mwezi wa tatu nilifumua kiuno cha suruali yangu ya kijivu nikashonea ishirini, vimepangana kama meno, kwa uzi wa rangi ileile. Ilikuwa kazi safi mpaka nikajisifu mwenyewe. Mizani ikasema arobaini na saba na nusu, muuguzi akatabasamu, na wewe ulipiga vigelegele mpaka nikamsikia mtu huko jikoni kwenu akiuliza nani anaolewa.

Nilidhani ni mara moja tu. Ubaya wa uongo wa kilo ni kwamba mwezi ujao lazima uongezeke. Nikatoka kiunoni nikashuka kwenye mapindo ya miguu, kisha ndani ya mifuko. Mwezi wa tano nilibeba vyuma sabini, na ilibidi nishone mikanda ya mabegani ndani ya sweta, suruali isije ikanidondoka mbele ya watu. Mtaalamu wa lishe alifurahi kupita kiasi. Akaniomba nisimame pale kwenye mabenchi niwaeleze wagonjwa wenzangu nimefanyaje. Nikasimama. Nikawaeleza habari za mayai na karanga, nikakumbusha na maziwa ya kuchemka. Mama mmoja mwembamba kuliko mimi aliandika kila neno nyuma ya kadi yake. Yule mama simsahau.

Daktari naye aliponiuliza kama tumbo limetulia, nilisema limetulia. Angekataaje, na kilo anaziona zinapanda? Baadaye aliniambia kwamba dawa ile ingeweza kupunguzwa kwa mpango au kubadilishwa, na kwamba wagonjwa wengi inawasumbua hivyohivyo. Neno moja la kweli lingetosha.

Mimi badala ya kusema nikatafuta njia ya kuufanya mwili uzifikie kilo nilizokwisha kuzitangaza. Nikaacha dozi ya asubuhi ya dawa ile. Nilijiambia ni kwa wiki mbili, mwili upate nafasi, kisha nitairudia. Siku ya nne tumbo likatulia. Chakula kikakaa. Wifi yako akawa anaongeza kijiko cha pili bila kunibembeleza. Wiki mbili zikawa miezi miwili, na uzito ukaanza kupanda kwelikweli. Kila nikirudi kutoka kliniki nilifumua vyuma vingine nikavirudisha kwenye mkebe wake. Mara ya mwisho nilipanda mizani na suruali tupu. Hamsini na mbili! Nilitaka kumkumbatia muuguzi. Nilikupigia kabla hujanipigia, unakumbuka, na ukaniambia zile kilo ni zako, nisizipoteze.

Wiki iliyofuata viatu vilikataa kuingia. Soksi zikawa zinaniachia mitaro miguuni. Wifi yako akanibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, shimo likabaki palepale, tukaenda hospitali.

Dada, haikuwa nyama. Yalikuwa maji. Figo ilikuwa imeshindwa kuyatoa, kwa sababu kwa miezi miwili niliiacha bila ulinzi na mwili wangu ukaishambulia kama adui. Walinilaza, wakanitundikia dawa kali siku baada ya siku, wakapima na kupima tena. Juzi daktari alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia wamefika mwisho. Jumatatu narudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kama zamani. Maji wameyatoa, nimebaki na kilo arobaini na nne. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Figo yako imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Haikunikataa. Ilinipenda kuliko nilivyostahili. Daktari nilimwambia yote, hakunigombeza, aliandika tu, na kuandika kwake kuliniuma kuliko matusi. Wifi yako nilimwambia jana tuliporudi nyumbani. Aliibandua ile karatasi mlangoni, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini. Wewe nakujua, utatafuta la kunifariji. Usilitafute. Na usithubutu kuuliza kama kuna cha kutoa tena, maana huna. Msamaha siombi leo, sijui hata nianze kuuomba wapi.

Msalimie shemeji, mwambie akuangalie hayo masufuria. Wasalimie na wenzako wa jikoni, ila barua hii usiwasomee. Wifi yako anakusalimu.

Picha uliyoomba nimeitia humu ndani ya bahasha. Wifi yako aliipiga siku ile ya hamsini na mbili. Utaniona mlangoni mwa duka na suruali ya kijivu, mashavu yamejaa, nacheka mpaka macho yamefumba. Sikuwa naigiza. Nguoni hamkuwa na chuma hata kimoja, na nilikuwa nawaza utakavyofurahi ukiiona.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti