Ijumaa ya Mfalme Brian

Jumapili, 6 Aprili 2014. Riyadh

Nimepata kazi ndani ya kazi! Madam amerudi kutoka hospitali na kitabu kikubwa cha picha. Yeye ni daktari, alisomea Ireland, na mwalimu wake wa zamani ndiye amemtumia. Ni cha mfalme wa huko, mpiganaji, amekufa miaka elfu moja iliyopita. Akaniambia, Jail, kila siku Safa akila lanchi umsomee kidogo, Kizungu chake kinyooke.

Hawezi kusema Jael. Anasema Jail. Jela kabisa! Nikiitwa naangalia kama kuna askari.

Nikasema yes madam, no problem madam.

Problem iko. Mimi niliacha shule darasa la tano. Agenti wa Nairobi ndiye aliandika kwa fomu yangu ati English very good. Ya kuuza mitumba Gikomba ninayo — lakini kitabu! Maneno madogo kama siafu, yamejaa ukurasa mzima. Madam akijua, nitarudishwa ofisi ya agenti, na walioonja hiyo ofisi hawana hadithi tamu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesoma picha. Mtu ataumiza macho na maneno na picha ziko?

Jina nimeliona hapo juu, hilo najua kusoma. BRIAN. Brian! Kwetu Kariobangi ukiita Brian kwa ploti, watoto sita wanatoka mbio. Kumbe mmoja alikuwa mfalme.

Basi nikaanza. Brian kijana anajificha msituni na watu wachache. Mvua. Matope mpaka magoti. Adui ni watu wa meli, ndevu nyekundu, shoka begani — wanapanda na mto, wanachoma kanisa, wanabeba ng'ombe na wasichana. Kuna picha ya kaka yake mkubwa amenyoosha mkono anataka kuwasalimia. Brian amemgeuzia mgongo. Nikampa sauti: "Kaka, ukifanya amani na mwizi umempa ufunguo!"

Naongea Kiarabu changu cha jikoni, Kizungu cha Gikomba, na mikono. Mfalme ni malik. Kuisha ni halas. Hizo mbili zinatosha kusimulia mfalme yeyote.

Safa ana miaka saba na huwa hali hata umpigie magoti. Leo alimaliza wali wote. Nilimfanya Brian aanguke kwa matope, taji ikaelea kama sufuria. Safa nilimuua leo! Kijiko kilianguka chini.

Jumatano, 9 Aprili

Hii kazi naijua. Brian amekuwa mtu mzima, amepiga wafalme wadogo mmoja mmoja, kila mmoja anamletea ng'ombe. Nikasema ng'ombe mmoja alikataa kwenda, akarudi kwao usiku. Safa akataka jina la ng'ombe. Nikampa la shangazi yangu.

Halafu ndevu zikawa nyeupe. Brian mzee. Watu wa meli wamerudi, wengi kuliko zamani, na mtoto wake ndiye anaongoza vita maana mzee hawezi kushika upanga.

Picha ya mwisho nikaifunika na mkono, lakini Safa alikuwa ameshaichungulia. Hema. Mzee amepiga magoti anaomba. Vita iko nje. Mtu wa shoka anaingilia nyuma.

Hema, na mimi naitwa Jael! Waamuzi sura ya nne, yule mama aliyemlaza jenerali hemani kisha akachukua kigingi na nyundo. Nikacheka peke yangu.

Lakini customer haonyeshwi bale lote la nguo siku moja. Nikafunga kitabu pap! Nikainua kidole: Ijumaa! Ijumaa malik halas! Kwa nini Ijumaa? Hakuna shule, tena nilitaka ale vizuri siku mbili. Basi. Hakuna kingine.

Alhamisi, 10 Aprili

Mungu wangu.

Baba Safa amerudi saa tano asubuhi, amemshika mtoto mkono. Shule ilimpigia simu. Safa amesimama mbele ya darasa akasema Ijumaa malik anaisha. Ataingiliwa kwa hema akiomba. Jail amesema.

Kwa hii nchi malik ni mmoja. Ni yule wa picha ya ukutani, juu ya ubao. Sikufikiria! Naapa sikufikiria hata kidogo.

Baba anafanya kazi serikalini. Akaniuliza, haya maneno umepewa na nani?

Nikasema, Madam!

Kwa sababu kitabu ni cha madam. Lakini maskini, akadhani mke wake ndiye amenituma, akakaa chini kwa ngazi, akashika kichwa na mikono miwili.

Madam yuko hospitali, zamu ndefu, simu haishiki. Kitabu kiko naye, alikibeba jana kuonyesha wenzake. Kwa hivyo sina hata kitabu cha kuonyesha. Niko na mdomo tu, na mdomo ndio umenifikisha hapa.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika mbio, nimekaa kwa store ya nguo. Baba ameenda msikitini. Mlango wa nje umefungwa.

Tangu niamke namwombea mfalme wao. Afya. Maisha marefu. Sijawahi kumwombea mtu hivi, hata mama yangu. Mzee, tafadhali, leo usiugue. Usipande ngazi. Hata kukohoa, ngoja Jumamosi.

Sellah, mdada wa kazi wa ghorofa ya juu, Mkenya kama mimi, amenong'ona kwa dirisha la jikoni. Anasema, kama uko na karatasi yenye maandishi wasiyoyaelewa, chana, choma. Kuna mdada alipatikana na karatasi imekunjwa na nywele ndani, wakasema ni uchawi. Alikuwa ameweka nywele za mtoto wake, ukumbusho tu. Hajaonekana tena.

Mimi sina nywele. Niko na daftari hili. Kiswahili kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwa ukurasa wa Jumatano nimechora hema na shoka.

Nichome na nini? Jiko ni la stima.

Mlango. Baba. Anafungua droo za jikoni moja moja. Sasa ni ya

Alhamisi, 17 Aprili. Jeddah

Daftari limerudi kwangu. Kila ukurasa una namba ya kalamu nyekundu. Baba amezihesabu.

Nisimulie pole pole. Tuko kwa mama yake baba tangu Jumamosi, tumekuja na ndege, mimi na Safa na yeye. Anasema ni mpaka maneno ya shule yapoe. Madam amebaki Riyadh na zamu zake, kitabu kiko naye. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, iko mfukoni mwake. Mfalme wao ni mzima, asante Yesu. Lakini baba hajanipeleka polisi na hajanisamehe. Amesema kwanza anataka kujua daftari linasema nini. Kama ni uchawi au ni kutumwa, atanikabidhi mwenyewe kabla hajaulizwa yeye.

Leo alasiri akaja mzee wa kanzu nyeupe na miwani ya kamba. Mzee Badawi. Ni karani bandarini, rafiki ya marehemu babu yake Safa. Nikaleta kahawa, kichwa chini. Akasema, "Weka hapo, mwanangu, usijiunguze."

Kiswahili! Nusura birika inianguke. Nikasema shikamoo, mimi ambaye nyumbani hata chifu nilikuwa namwambia niaje. Akaitika marahaba, polepole, kama mtu anameza halua. Walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, wakati wa mapinduzi, yeye akibebwa mgongoni.

Baba akatoka kupokea simu. Mzee akalifungua daftari, akanitazama juu ya miwani.

"Hebu nambie. Ukurasa wa tatu. 'Safa nilimuua leo.' Jamani! Nimesoma hapo roho ikataka kutoka, nikageuka kutazama kama mtoto yupo."

Nikamwambia, mzee, kwetu kuua ni kuchekesha! Ukifurahisha watu unaambiwa umeua!

"Kwenu wapi huko?"

Nairobi.

"Ee. Nyinyi Kiswahili mmekichinja wenyewe, kisha mnashangaa damu." Akacheka, lakini akaacha haraka. "Na hapa, 'Ijumaa malik halas'?"

Nikamwambia yote. Kitabu, picha, darasa la tano. Nikalia kidogo. Sikupanga.

Akasema, "Sikiliza. Nimemwambia kijana wangu, baba wa mtoto, mwandiko huu kama kuku kakanyaga wino, macho yangu hayauwezi. Kesho baada ya sala ya Ijumaa utasoma wewe, kwa mdomo wako, mbele ya mama yake na mkewe. Mimi nitageuza Kiarabu. Usichane hata karatasi moja, zimehesabiwa."

Nikamuuliza, mzee, si utageuza vizuri?

"Hilo la kuua nitaliweka sawa, maana ni kicheko kweli. La mfalme siwezi kulifuta. Nimetoka kusali niseme uongo? Kama Ijumaa imo kitabuni, wewe ulisoma tu. Kama haimo, mwanangu, imetoka kichwani mwako. Nao watauliza kichwa hicho kiliipata wapi."

Imetoka kichwani mwangu. Hiyo ndiyo shida. Mimi ndiye niliitoa.

Madam anafika kesho, na kitabu.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo ni Ijumaa Kuu. Huku hakuna anayejua. Nimeosha vyombo nikiimba kwa tumbo.

Nimejaribu kusoma kwa sauti ukurasa wa kwanza. Hapo nimeandika madam hajui niliacha shule. Kwa hivyo nikisoma, uongo wa fomu unatoka. Nikiruka, namba nyekundu zinanisuta. Njia zote zina shimo, ni kuchagua lenye maji kidogo.

Saa saba na nusu. Wamerudi. Nasikia gari mbili. Sauti ya madam, yuko na hasira au amechoka, sijui. Mzee Badawi anakohoa sebuleni.

Safa ameingia hapa kwa store ninapolala. Kitabu amekikumbatia kifuani, amekitoa kwa begi ya mama yake. Ananiambia, Jail, yalla, malik! Anataka mwisho. Anauliza kama mzee alitoroka hema. Nikamwambia ngoja.

Sasa naandika kwa mkono mmoja. Nimefungua picha ya hema. Maneno yako chini, siafu wangu. Sijui yanasema nini. Lakini jina moja nalijua kwa herufi, liko kwa kila kalenda ya jikoni. Nilianza juu, kidole kikateremka. F hakuna. F hakuna. Mstari wa sita F, si lenyewe. Mstari wa tisa.

F-r-i-d-a-y.

Liko! Ijumaa imo kitabuni! Halafu nikaangalia neno lililo mbele yake, hilo hata mtoto wa nasari anajua. Good.

Good Friday! Ilikuwa Ijumaa Kuu. Brian aliuliwa siku kama ya leo na mimi nilikuwa nabahatisha!

Nyayo kwa korido. "Jail! Taal!" Ni baba, anasema nije. Safa ananivuta nguo.

Kidole cha kushoto kiko juu ya hilo neno. Sikitoi. Nitaingia sebuleni hivi hivi, kitabu wazi, nikikitoa tu sitalipata tena mbele ya