Pale Ulipozima Kamera

Robanda, 14 Julai

Mdogo wangu Elieth,

Marahaba kwa shikamoo uliyoitanguliza kwenye video. Hapa tembo wamemaliza mtama wa jirani, lakini sisi ni wazima.

Video yako ilikuwa inakwamakwama, sauti inakwenda huku picha imeganda, nami nilitaka tu kuliona kaburi la baba hapo Kewanja. Nikaipeleka simu kwa Huruma, fundi wetu. Akacheka: "Babu, simu imeshiba! Salamu za miaka sita zote umezitunza?" Nikakubali azifute, isipokuwa za marehemu mke wangu Regina. Kisha akaipakua video yako yote kabla ya kuicheza.

Sasa inakwenda vizuri. Umepita zizi, umepita jiko la mama. Lakini kabla ya kufika kaburini inaruka, na mara uko barabarani. Nikamlaumu Huruma. Akasema, "Hapo si simu, Babu. Hapo mpiga picha alizima."

Nikatazama tena. Kabla ya kuruka, kivuli chako ni kirefu. Baada yake ni kifupi. Ulikaa hapo asubuhi nzima, mdogo wangu.

Lile korongo la maji ya mvua limelichukua kaburi, sivyo? Habari za mvua kubwa za huko nilizisikia redioni.

Ulitaka kunikinga, nami nakushukuru. Ila jiwe la kichwani nililiweka mimi, kabla sijahama, miaka arobaini iliyopita. Jumamosi nakuja na jiwe jingine. Nisubiri pale ulipozima kamera.

Kaka yako anayekukumbuka,
Ryoba