Miaka ya Aluoch

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi saa kumi. Jua kali, zege la uwanja linachoma hadi ndani ya viatu. Ringi ya upande wa jikoni imeinama tena. Nimewakemea wasichana kumi na wawili mpaka sauti ikakauka, kisha nikarudi nyumbani Kondele na daftari arobaini za Kemia. Hazitasahihishwa leo.

Aluoch, senta wangu. Kidato cha tatu, futi sita na inchi mbili. Alipokuja kutoka Asembo Bay hakujua kudaka. Mpira ulimgonga kifuani, akauomba msamaha. Mpira! Leo alipokea pasi akiwa ameipa ringi mgongo, akajifanya anageukia kushoto, akageukia kulia, aliyemkaba akabaki anakaba hewa. Sikumfundisha hiyo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Miaka kumi na tisa nikifundisha mpira wa kikapu, sijapata mwingine kama huyu. Na amenijia nikiwa nimechoka.

Jumatano, 5 Machi

Simu kutoka Nairobi. Mama anayechagua wasichana wa kambi ya chini ya miaka kumi na minane atakuja kutazama mechi ya mkoa, Jumamosi ya wiki ijayo. Anakuja kwa ajili ya Aluoch. Kambi ikimchukua, kuna vyuo vya nje vinavyosomesha wasichana wa kimo chake. Mama yake anakausha omena, dagaa wa ziwani, ufukweni. Sihitaji kujieleza zaidi.

Bado ana kasoro. Akimwangusha mtu anamwinua kwanza, halafu ndipo anakumbuka kurudi kukaba. Mitupo huru, minne tu kati ya kumi. Nilimwacha apige peke yake hadi kengele ya chakula. Hakulalamika. Angelalamika ningejisikia vizuri zaidi.

Goti langu limevimba.

Ijumaa, 7 Machi

Fainali ya kaunti. Tumeshinda kwa pointi tisa. Aluoch alichukua kila mpira uliogonga ubao, wetu na wao. Mama yake alikuja moja kwa moja kutoka ufukweni, leso bado ina magamba, akasimama kando ya mstari akiita "Awiti! Awiti!" mechi nzima. Jina la nyumbani, nadhani.

Kabla hatujakunja jezi, kocha wa wapinzani alipeleka malalamiko. Anasema senta wetu ni mtu mzima. Nilicheka. Kila mwaka husema hivyo kuhusu kila msichana mrefu.

Kisha nikafungua faili yake ofisini. Mara ya mwisho niliifungua siku aliyojiunga, nikasoma kimo tu. Cheti cha kuzaliwa kinasema ana miaka ishirini. Amepita umri wa mashindano ya shule. Kambi ndiyo usiseme.

Wasimamizi wa mashindano wametupa hadi Ijumaa ijayo. Karatasi safi, ama asikanyage uwanja.

Nimekaa na cheti hicho mbele yangu na sioni hata hasira. Uchovu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Hasira imekuja. Nilimsimamisha katikati ya uwanja, timu yote ikitazama, nikamuuliza kwa nini amenidanganya. Alisema, "Mimi niko na seventeen, Madam. Kwani ilibadilika?" Nikamwita mwongo. Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akaenda bwenini na fulana ya ndani.

Hakuna aliyecheza tena baada ya hapo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilimkuta Bwana Odhiambo, anayefundisha Historia. Nikamweleza yote, kwa sababu nilitaka mtu wa kuniunga mkono. Hakuniunga. Aliniuliza nyumbani msichana anaitwaje. Nikasema Awiti. Akaniambia, "Madam, wewe ni mtu wa Vihiga, huwezi jua. Awiti ni mtoto amezaliwa baada ya mwenzake kufa. Enda uulize mama yake, lakini uulize pole pole."

Nimeishi na Wajaluo miaka kumi na tisa. Nimekula samaki wao, nimezika nao. Jina hilo nimeliita kwenye orodha za madarasa mengine mara ngapi? Sikuwahi kuuliza.

Nikaenda Asembo Bay mchana huohuo. Mama Aluoch alikuwa anageuza omena kwenye nyavu. Aliponiona alidhani nimeleta habari ya msiba, akakaa chini. Nilimwonyesha cheti.

Ilikuwa hivi. Alizaa msichana wa kwanza kliniki. Akapewa jina la nyanya, Aluoch, kwa sababu nyanya alikuwa amefariki na roho yake ilitaka mtoto aitwe kwa jina lake. Mtoto akafa na miezi tisa. Aliyefuata, msichana tena, alizaliwa nyumbani, na nyanya bado alitaka kuitwa. Wakampa jina lilelile, na Awiti, yaani aliyetupwa, juu yake ili kifo kisimtamani. Darasa la nane shule ikataka cheti. Nyumbani kulikuwa na kadi moja tu ya kliniki, imeandikwa Aluoch, na cheti kikatolewa kwa kadi hiyo.

"Hii kadi ndio nilikuwa nayo," alisema. "Huyu hakuna mtu aliandika."

Aluoch hajui. Hajawahi kuambiwa kwamba alikuwepo mwingine.

Nikamweleza kwamba cheti kinaweza kusahihishwa, ila lazima kwanza yule wa kwanza aandikishwe kuwa amefariki. Akakataa. Alikataa kwa adabu, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, lakini alikataa. "Niandike Aluoch amekufa, na Aluoch ako hai anakula shuleni? Hapana, Madam. Hiyo kitu inaitwa kwa mdomo, inakuja."

Mimi mwalimu wa Kemia. Nilikuwa na majibu kumi. Nikapokea samaki.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwomba Aluoch msamaha palepale nilipomtukania, mbele ya walewale. Nikasema yeye si mwongo, kosa ni la karatasi, na lililobaki ataambiwa na mama yake. Wasichana wakatazama viatu vyao. Yeye akasema "Ni sawa, Madam," kwa sauti ya mtu anayekubali chai asiyoitaka.

Alifanya mazoezi bila makosa. Hakumwinua mtu yeyote aliyeanguka. Nilikuwa nimeomba jambo hilo mwaka mzima, na leo limenichukiza.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Aluoch alikuwa getini saa mbili asubuhi. Nauli ameipata wapi sijui. Hakunisalimia sana. Akaomba mwanawe, wakaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Nilifundisha vipindi viwili nikitazama dirishani. Asidi na besi. Nimekosea mlinganyo ubaoni na hakuna aliyenisahihisha.

Walipotoka, mama alikuwa amelia na Aluoch hakuwa amelia. Mama akaniambia mtoto amesema nini, nami nayaandika kabla hayajanitoka: "Mama, mpe miaka yake, na mimi unipe yangu." Basi mama amekubali. Ataenda kwa naibu chifu.

Amekubali, lakini ni wiki nyingi. Nilipiga simu ofisi ya usajili mara tatu. Kesho haiwezekani, wala mwezi huu.

Nililia chooni. Kisha nikaandika barua kwa wasimamizi, nikamtoa kwenye orodha kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepigwa kwa pointi ishirini na moja. Aluoch alikaa kwenye benchi na sare ya shule, akiwapa wenzake maji. Kila walipoanguka alisimama.

Mama wa Nairobi alikuja. Nilimweleza bila kupamba. Akamtazama Aluoch kwa muda mrefu, akamwomba asimame, akamwomba afungue viganja. Hakumwona akirusha mpira hata mmoja. Kambi ya mwezi wa nne imeshamponyoka. Kuna nyingine mwezi wa nane, atarudi kumtazama, ila karatasi kwanza. Alinipa mkono na kuondoka kabla ya kipenga cha mwisho.

Mwezi wa nane. Ofisi za serikali nazijua. Sitaki kutumaini, inachosha.

Jumamosi, 29 Machi

Asembo Bay. Naibu chifu alitupokea nyumbani kwake, kwenye veranda. Majirani wawili wazee walikuja kushuhudia kwamba mtoto alikuwepo na kwamba alikufa. Mmoja ndiye aliyemwosha. Walituonyesha alipolala, pembeni mwa boma la zamani. Hakuna alama, ni mihogo tu. Aluoch alichuchumaa hapo, magoti yakamfika masikioni, akakaa hivyo. Hatukumharakisha.

Kisha fomu. Mama hana miwani, mkono wake wa kuandika ni mzito. Naibu chifu akataka kujaza. Aluoch akasema atajaza yeye.

Aliandika jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya marehemu, herufi moja moja. Umri, miezi tisa. Akaandika tarehe ambayo majirani walikubaliana. Akampa mama yake kalamu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.

Wakati wa kurudi aliniuliza Jumatatu tunaanza mazoezi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi.