Baba Kausogeza Mpira kwa Mguu

Ishbel, usinipigie. Nimejifungia chooni hapa klabuni, siwezi kuongea. Soma tu.

Baba ameiba leo. Kwenye fainali ya gofu ya baba na binti. Baba yangu mimi.

Si unajua tunapiga mpira mmoja kwa zamu? Shimo la mwisho akaupeleka kwenye nyasi ndefu, zamu ikawa yangu. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, akadhani simwoni. Akausukuma kwa mguu, taratibu, mpaka penye nyasi fupi. Kwa mguu, Ishbel.

Nikamwambia, "Baba, mpira umesogea."

"Upepo huo, Mhairi. Wewe piga."

Upepo gani? Mkoa mzima wa Fife leo umetulia tuli.

Huyu ndiye aliyewahi kujitaja mwenyewe mbele ya klabu nzima kwamba ameugusa mpira kwa bahati mbaya, akala pigo la adhabu na kukosa ubingwa, wakati hakuna aliyemwona. Mimi gofu niliipendea hapo. Hata nikicheza vibaya nilirudi nyumbani na raha zangu.

Nikamwangalia. Akaninong'oneza, "Macho yanakwisha, mwanangu. Mwakani sitauona mpira. Nipe hili moja."

Nikapiga. Mpira ukaenda vizuri ajabu, na sikusikia raha hata chembe. Tukashinda.

Sasa wanamnunulia wiski, anacheka. Fimbo yangu nimeiacha nje, hata kuirudisha kwenye mfuko wake sikutaka. Sidhani kama nitacheza tena.

Baba anagonga mlango. "Mhairi, njoo, mpiga picha anatungoja."

Nimemwambia nakuja.