Pikipiki Yangu Inamkaanga Mke na Kumfariji Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana nyumbani kwangu wanawake wawili wanavutana juu ya joto la pikipiki moja, na mimi mwenye pikipiki ndiye ninayeungua katikati.

Mimi ni fundi makochi. Mwaka huu nilinunua pikipiki ya mbio iliyokwishatumika, ile aina iliyofunikwa kwa kava za plastiki kuanzia taa ya mbele hadi chini ya injini, nyekundu, inang'aa, ikipita lazima ugeuke, na nia yangu ilikuwa nimpeleke mke wangu kazini kila asubuhi, yeye ni mwalimu wa chekechea, akiwa amenishika kiuno kama enzi za uchumba. Mwanzoni mambo yalikuwa matamu, ila zile kava zilikuwa zikigongana kama kabati la vyombo, tena ubavuni zilikuwa na matundu marefu yaliyoachwa wazi, na mimi, mshauri, mshono ulioachwa wazi haunipi usingizi, kwa hiyo nikajaza sponji kwa ndani, nikayaziba matundu yote kwa ngozi nyeusi, nikaling'oa na lile bati linalofunika ekzosi kwa sababu lilikuwa likilialia, nikaivika ekzosi ngozi pia, pikipiki ikatulia kimya kama kochi la waziri, hata mafundi wenzangu wakanipongeza.

Tangu hapo sijui ni shetani gani ameingia kwenye injini ile, tukikwama kwenye foleni feni inanguruma na joto linapanda mapajani kama nimepakata jiko, nikaongeza sponji ili kulizuia, likazidi, suruali yangu ya sherehe imechuja rangi kwa joto na kuacha doa kwenye tangi, halitoki, ile ngozi ya ekzosi nayo ikajikunja ikabanduka, na siku moja mke wangu anashuka pale shuleni na sketi yake, shavu la mguu likagusa chuma kitupu. Akaniambia mbele ya wazazi wa wanafunzi, "Mimi ni mkeo, si nyama ya kuchoma. Siku hicho chombo chako kikiacha kunikaanga, ndipo nitapanda."

Sasa anapewa lifti na mwalimu wa michezo, mwenye kigari kidogo chenye kiyoyozi, ambaye kila jioni akimshusha hapa kwangu ananipungia mkono na kusema, "Shemeji, amana yako hiyo, hata jasho halijamtoka!" wanacheka, mke wangu anacheka, na mimi nacheka, lakini moyoni siko sawa.

Nikaamua kumwita fundi pikipiki apunguze joto, kumbe nimemchokoza mama mkwe, ambaye anakaa nasi na anasumbuliwa na magoti. Mwenzetu kanogewa! Kila asubuhi ananisubiri mlangoni na koti lake nimzungushe mjini, na ananiomba nipite palepale penye foleni, magoti yakipata moto anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio. Aliposikia habari za fundi akaja juu: "Mkwe wangu, ukiipoza hiyo pikipiki utakuwa umenikata miguu. Achana na huyo binti, alidekezwa na baba yake." Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Mama, kama unaipenda hivyo, si uolewe nayo!"

Mshauri, niiuze, nimuudhi mama mkwe, au nimwambie nini huyu mwenye kiyoyozi?

Fundi Makochi Ninayeungua

Mwanangu Fundi Makochi,

Pole sana. Nilicheka kwanza, kisha nikaogopa. Shetani unayemtafuta kwenye injini hayumo. Ni wewe na sindano yako.

Nikueleze taratibu, maana inaonekana aliyekuuzia hakukueleza. Pikipiki isiyo na kava hupigwa na upepo kila upande. Yako imefunikwa, kwa hiyo walioitengeneza wakaiachia njia ya kupumua: hewa inaingia kwa mbele, inapita kwenye rejeta inayopoza maji ya injini, inabeba joto la injini na kutokea kwenye matundu ya ubavuni. Hayo ndiyo matundu uliyoyashonea ngozi. Joto lilipokosa mlango likapanda juu, na juu ndiko ulikoketi. Ulipoongeza sponji ulikuwa unamwongezea blanketi mgonjwa wa homa.

Halafu sponji kando ya ekzosi! Wewe wa kazi hiyo, unayejua cheche moja inavyoweza kumaliza karakana nzima, unaipanga pembeni ya chuma kinachowaka, kisha unampandisha mama wa watu juu yake na kumpeleka kwenye foleni? Usiiwashe tena mpaka umeitoa yote.

Ikiwa imepoa kabisa, fungua kava, toa sponji na ngozi hadi kipande cha mwisho, na gundi uliyobandikia uikwangue. Kelele za kava dawa yake ni kukaza skrubu na kuweka vipande vidogo vya mpira kwenye maungio, mbali na ekzosi. Lile bati lirudishe. Lilikuwa likilia kwa sababu limelegea, nalo kazi yake ni kuacha nafasi ya hewa kati ya chuma cha moto na mguu wa mtu. Kisha fundi pikipiki aje: aangalie maji ya rejeta, asafishe matope na wadudu walioganda humo, ahakikishe feni inapuliza sawasawa, abadilishe oili. Wewe kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto, utaungua uso. Na usitarajie ubaridi wa friji. Pikipiki za aina hiyo zina joto lake hata zikiwa nzima. Foleni ikisimama kabisa, zima. Vaa suruali nene na buti, na mkeo vilevile, sketi aiweke kwenye begi abadilishe shuleni.

Mama mkwe usibishane naye. Mpeleke hospitali magoti yatazamwe, tena kwa gari. Halafu rudi kwenye fani yako: mshonee mfuko laini wa kuwekea chupa ya mpira ya maji ya moto, kwa ngozi nyeusi ileile, na mishono uizibe utakavyo. Hapo ruksa.

Sasa huyu mwenye kiyoyozi. Mwanangu, barua yako nimeirudia. Umenieleza rangi ya pikipiki, doa la suruali, magoti ya mama mkwe na masihara ya mwalimu wa michezo. Mguu wa mkeo umeutaja mara moja tu, pale ulipogusa chuma. Je, umepona? Nani aliupaka dawa? Huyo bwana kila jioni anakupa habari kwamba mkeo hakutoka jasho, na wewe mumewe hujui kama kidonda kimekauka!

Kwa hiyo kabla hujashika spana, ingia jikoni. Mwombe akuonyeshe mguu, umwambie ni nani aliyeng'oa lile bati. Atakufokea, na sauti itafika kwa mama mkwe. Usijitetee. Akimaliza, ndipo utoke ukafungue kava.

Na siku atakapopanda tena, usimwulize kama anasikia joto. Subiri uone atashika wapi. Akishika chuma cha nyuma, bado hujamaliza kuomba radhi. Akishika kiuno, ondoa pikipiki, na umpite mwalimu wa michezo polepole.